Goti langu, barafu ya Feri, na mpwa wangu anayetaka kucheza hoki

Mpwa wangu ana miaka 17 na hana raha kama ya kuvaa viatu vyake vya magurudumu. Jumapili alfajiri, magari yakiwa machache mjini, yeye na wenzake wanateleza barabara za Posta mpaka jua likiwa kali. Mwezi uliopita alikuja kwangu Temeke, akanipa shikamoo, kisha akaniwekea simu mbele ya uso. Ilikuwa hoki ya barafuni: wanaume wenye kofia ngumu wanakimbizana na fimbo, wanagombania kisahani cheusi cha mpira.

"Mjomba, hii mimi naiweza. Hawa wanalipwa?"

Sikumcheka. Nimecheza mpira kwa mkataba miaka sita hapa Dar, na najua kijana ukimcheka siku anayokufungulia moyo, hatakuambia jambo tena. Nilimwomba wiki mbili nisome. Haya ni niliyoyasoma pamoja na yaliyonikuta mwenyewe, na nadhani yatamfaa hata anayeota kucheza soka.

Wanalipwa, na vizuri. Ligi yao kubwa, NHL, ina timu 32 za Marekani na Kanada. Kila mwaka timu zinateua vijana kwa zamu, raundi saba, na kijana wa miaka 18 anaweza kutajwa. Ila kutajwa si kucheza. Wengi wanapelekwa kwanza ligi za chini, wapo wanaokaa huko miaka, na wapo wasiopanda kabisa. Vilevile kutotajwa mapema si kifo. Dominik Hašek aliteuliwa wa 199 mwaka 1983, akaja kuwa kipa wa kutisha na kuipa Jamhuri ya Czech dhahabu ya Olimpiki kule Nagano mwaka 1998. Martin St. Louis hakuteuliwa na timu yoyote kwa sababu ni mfupi. Mwaka 2004 akabeba kombe la ligi, Stanley Cup, na akawa mchezaji bora wa msimu.

Kwa hiyo siku ya kusajiliwa usiipe uzito usio wake. Uzito uweke kwenye karatasi unayosaini.

Mimi niliitwa ofisini saa kumi jioni. Kurasa nne, Kiingereza kitupu, kalamu imeshafunguliwa kifuniko. Nilisoma ukurasa wenye pesa ya usajili na mshahara, nikasaini. Ukurasa wa tatu uliandikwa kwamba klabu itagharamia matibabu ya jeraha lililoripotiwa kwa daktari wa timu ndani ya siku tatu. Sikuuona. Niliujua mwaka mmoja baadaye, nikiwa kitandani.

Goti lilianza kuuma wakati kocha ameanza kunipanga kila mechi. Nikaogopa benchi, nikanyamaza. Jioni baada ya mazoezi nilipanda daladala hadi Feri, nikanunua barafu ile ya wauza samaki, bonge lililofungwa kwenye kiroba, linavuja maji njia nzima. Nyumbani nalivunja kwa mchi, natia kwenye ndoo, nazamisha mguu mpaka goti linakufa ganzi. Chumba kizima kinanuka shombo. Mama aliniuliza mara moja tu, "Una nini mguuni?" Nikamjibu uchovu. Nilifanya hivyo wiki tano. Wiki ya sita, uwanjani, niligeuka kufuata mpira, hakuna mtu aliyenigusa, nikasikia kitu kimekatika ndani kama ukuni mkavu. Klabu ikaniambia hukuripoti. Kwa maandishi walikuwa na haki, na hilo linaniuma hadi leo kuliko goti lenyewe.

Nilipomsimulia mpwa wangu, naye akanijibu kwa habari ya Willie O'Ree. Huyu ndiye mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, tarehe 18 Januari 1958, akiwa na Boston Bruins. Jicho lake la kulia lilikuwa halioni, kisahani kilimpiga miaka miwili nyuma, na alificha. "Unaona mjomba? Yeye alificha akafika."

Nikamwambia aisome habari yote. Mechi za O'Ree katika ligi kubwa ni 45. Baada ya hapo aliendelea na ligi za chini hadi mwaka 1979, na alipostaafu alifanya kazi ya ulinzi. Heshima yake kamili, kuingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa Hoki, ilikuja mwaka 2018, akiwa na miaka 83. Namheshimu sana mzee yule. Lakini alificha kwa sababu angesema, mlango ungefungwa palepale. Wewe kijana wa leo, ukiumia, nenda kwa daktari siku hiyohiyo, na akupe karatasi.

Pa kuanzia? Nairobi kuna timu ya Ice Lions, na mwaka 2024 Kenya ikawa mwanachama wa shirikisho la dunia la hoki ya barafuni. Nauli ya basi si ndogo, ila ni Nairobi, si Kanada. Wakati anachanga, nimemwambia ashike fimbo hapahapa, kwenye mpira wa magongo. Tanzania ilipeleka timu ya wanaume Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, kwa hiyo mchezo huu una mizizi kwetu. Aende viwanja vya Kidongo Chekundu aulizie.

Na ufundi ajifunze sasa, akiwa bado na miguu. Mimi nilikwenda chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe nikiwa nachechemea, nikasomea majokofu na viyoyozi, na ndiyo kazi inayolisha watoto wangu. Ningeanza nikiwa bado nacheza, nisingekuwa na ile miaka miwili ya kukopa kwa dada yangu, mama yake huyu kijana.

Jumamosi alikuja karakana Tandika, fomu ya chuo mkononi. Nikamweleza kwamba uwanja wa barafu ni friji iliyolala chini: mabomba yanapita ndani ya zege, yanapitisha maji ya baridi kali yasiyoganda, na juu yake barafu ya sentimita chache tu. Hata kile kisahani hugandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Akaikodolea macho kompresa niliyokuwa nimeifungua, kisha akauliza uwanja wa mita 60 kwa 30 ungehitaji mashine ya ukubwa gani kwa joto la Dar. Tukavuta viti, tukachukua kalamu, tukaanza kupiga hesabu.