Boga la kwanza la mtoto

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Columbus, Ohio, huku Marekani. Mwanangu ana miezi 7 na hii ndiyo vuli yake ya kwanza, majira ya majani kupukutika. Majani mekundu yamejaa kibarazani, kila akiliona moja analipeleka mdomoni! Maboga nayo yamejaa madukani. Mama yangu kanipigia simu, anasema nimpikie boga la tui, sukari na chumvi kidogo. Je, ni sawa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Boga mpe. Ila usichukue lile kubwa la kuchongwa macho na meno kwa ajili ya sikukuu ya Halloween. Limejaa maji, halina utamu. Tafuta dogo, zito mkononi. Lipike kwa mvuke, liponde kwa mwiko, lilegeze kwa maziwa yako mwenyewe. Tui kijiko kimoja halina neno. Sukari na chumvi, hapana. Bibi ana nia njema, ndivyo tulivyolelewa sote. Asali usimwonjeshe kabla hajatimiza mwaka, hata akikohoa: huweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliviwezi.

Tena boga peke yake halimtoshi. Anahitaji madini ya chuma, basi siku nyingine mchanganyie maharage yaliyopondwa au nyama iliyosagwa laini. Akitema usikate tamaa. Wangu wa kwanza alitema siku nne. Ya tano akalia sahani ilipoondolewa.

Na hayo majani, fagia.