Cha kuweka nyuma ya nakshi bila gharama kubwa
Ndugu, umeuliza uweke nini cha bei nafuu nyuma ya picha za plaiwudi unazokata kwa msumeno wa nakshi. Mimi napenda kaniki nyeusi: haing'ai, na maua yaliyokatwa hutokeza vizuri mno juu yake. Ipige pasi kwanza, kisha ivute vizuri unapoibandika. Kabla ya hapo piga msasa upande wa nyuma wa nakshi, maana msumeno huacha vinyuzi kwenye kingo na juu ya kitambaa cheusi vyote vitaonekana.

Picha ndogo, karatasi ya manila inatosha. Gundi nyeupe ina maji, huikunja, hivyo weka vitone vidogo kwa kijiti cha meno kwenye mbao.

Ukitaka kitu kigumu, waombe mafundi fremu vipande vya hadibodi ya milimita 3.