Ndoo yetu ya dharura: vifaa vya bei nafuu tulivyovijaribu kabla ya masika

Vifaa vya dharura vya bei nafuu vipo, na vingine ni vizuri kabisa. Ila huwezi kuvijua kwa kuvitazama dukani, na usiku wa mafuriko si wakati wa kuanza kuvijua. Kwa hiyo nawasihi wenzangu, wa mabondeni na wa milimani: nunua kidogo kidogo, kisha kila kitu kipitie mikononi mwa familia yako. Kilowesheni, kiwasheni mpaka kizime, mpeni mtoto akifungue gizani. Kikishinda, kiwekeni akiba. Kikishindwa, kipeni kazi nyingine hapo nyumbani.

Sisi tunaishi Kigogo, Dar es Salaam, upande unaoteremkia Mto Msimbazi. Mtu wa huku hahitaji kusimuliwa Desemba 2011. Mafuriko yale yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za Jangwani na mabonde ya jirani zikahamishiwa Mabwepande. Lakini maafa hayaji mabondeni tu. Bukoba na vijiji vyake vilitikiswa na tetemeko la kipimo cha 5.9 alasiri ya tarehe 10 Septemba 2016. Katesh, chini ya Mlima Hanang, waliamkia tope, mawe na magogo tarehe 3 Desemba 2023. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikatua pwani yetu, karibu na Mafia. Popote ilipotokea, saa za kwanza zinataka vitu vilevile: mwanga, maji ya kunywa, viatu, nyaraka, dawa, na njia ya kusikia habari na ya kujulisha watu uko wapi.

Nianze na mwanga, maana umeme ndio huondoka wa kwanza. Jioni moja nilizipanga tochi zote mezani, zikiwa na chaji kamili au betri mpya, nikaziwasha kwa pamoja na kuzikagua kila nilipoamka usiku. Maandishi ya kwenye boksi yasikudanganye. Tochi nyingi za bei ya chini huwaka kwa ukali saa ya kwanza, kisha hufifia hata usione unapokanyaga. Iliyoshinda kwetu ni tochi ndogo ya kuvaa kichwani inayotumia betri nyembamba, zile za rimoti. Haikuwa kali kuliko nyingine, lakini ilifika alfajiri ikiwa bado inamulika, na inaacha mikono yote miwili huru. Mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine amemshika mkono atashikaje tochi? Betri ziweke nje ya tochi, kwenye kimfuko chake, kwa sababu zikikaa ndani miezi mingi huvuja na kula vyuma. Mishumaa nimeiacha kabisa. Kwenye chumba kilichojaa watu, magodoro na watoto wenye usingizi, moto ni maafa ya pili.

Pawabenki zenye kisola juu yake zinauzwa sana Kariakoo na ninajua zinavutia. Fanya hesabu kwanza. Pawabenki ya 10,000 mAh hubeba nishati ya takriban saa-wati 37, yaani wati moja kwa saa 37. Kile kisola kidogo cha ukubwa wa kiganja hutoa kama wati moja, tena jua likiwa kali. Kwa saa tano za jua zuri kwa siku, utahitaji zaidi ya wiki nzima kuijaza. Na masika jua lenyewe liko wapi? Nilipoiacha dirishani siku za mawingu, taa ya chaji haikusogea. Nunua pawabenki ya kawaida, ijaze kwa umeme wa nyumbani, na uiongezee chaji kila mwezi. Pesa utakayookoa nunua simu ya kitochi yenye redio. Chaji yake hudumu siku nyingi, na redio haihitaji intaneti. Tarehe 12 Mei 2024, wiki moja tu baada ya Hidaya, nyaya za mawasiliano za baharini zilikatika na intaneti ikasuasua nchi nzima. Aliyezoea kupata habari kwa WhatsApp pekee alibaki gizani. Jaribu pia kama redio ya kitochi chako inashika bila waya wa sikioni, kwa sababu nyingine haishiki, na waya huo ndio hupotea kwanza.

Maji ndiyo yaliyonichukulia muda mwingi, na naomba hapa usome taratibu.

Maji hayabebeki. Dumu la lita 20 ni kilo 20, na huwezi kukimbia nalo kupanda mlima wa Mburahati huku umebeba mtoto. Tunachoweza kubeba ni chupa chache za kunywa njiani, halafu uwezo wa kusafisha maji huko tutakakofikia. Vidonge vya WaterGuard vinauzwa kwenye maduka ya dawa kwa bei ambayo kila mtu anaimudu, na uzito wake hausikiki mkononi. Kidonge kimoja hutibu lita 20 za maji maangavu, na unasubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yakiwa na tope, yaache yatulie, chuja kwa kitambaa, kisha weka vidonge viwili. Kuchuja kuna maana kubwa. Huko Bangladesh watafiti waliwafundisha akina mama kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa, na kipindupindu kikapungua karibu nusu katika vijiji hivyo. Khanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka nyuzi zake zikalegea na kujaa, inafaa kwa kazi hiyo hiyo. Ila khanga peke yake haitoshi, dawa lazima ifuate.

Sasa jaribio lenyewe: wanywesheni watoto maji hayo siku ya kawaida. Wa kwetu mdogo aliyatema mara ya kwanza kwa ajili ya harufu. Tuligundua kwamba maji yakimiminwa mara kadhaa kutoka chombo kimoja hadi kingine baada ya zile dakika 30, harufu hupungua, naye akayakubali. Jambo kama hilo ni bora lijulikane jikoni kwako kuliko kwenye darasa la shule lililogeuzwa kambi, mtoto akiwa na kiu na anaharisha. Na kwa kuwa kuharisha hufuata mafuriko, weka pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki. Zikiisha, kariri hii: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo kijiko nacho kiwe ndani ya akiba yako.

Wapo wanaosifu njia ya kuanika maji juani kwenye chupa za plastiki angavu. Inafanya kazi: saa sita za jua kali, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Kwa wakati wa mvua mimi siitegemei.

Baada ya maji nikaja kwenye chombo cha kuhifadhia akiba yote. Mabegi yanayodaiwa hayapitishi maji tuliyajaza karatasi za msalani na kuyazamisha kwenye beseni, na mengi yalipitisha kwenye mshono. Mifuko midogo ya plastiki yenye mdomo wa kubana inazuia maji vizuri ikiwa mipya, lakini ikishakunjwakunjwa huanza kuvuja, kwa hiyo nyaraka zetu ziko kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Kilichozishinda zote ni ndoo ya lita 20 iliyokuwa na mafuta ya kula, yenye mfuniko wake wa kubana na mpini. Tuliisukuma chini ya maji kwenye pipa, tukaifungua, ndani pakavu. Inaelea. Inabebeka kichwani, mikono ikabaki huru. Na mkifika salama, mnatoa vitu vyenu na ndoo hiyohiyo inakuwa chombo cha kutibia maji, ujazo wake ukilingana sawasawa na kidonge kimoja. Usitumie ndoo iliyokuwa na rangi ya nyumba, hata ukiisugua vipi.

Ndani ya ndoo kuna nakala za vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, kadi za kliniki na za bima. Picha zake pia zimo kwenye simu ya dada yangu aliyeko Morogoro, maana simu yangu nayo inaweza kuzama. Kuna noti ndogondogo, kwa sababu mtandao ukikata, pesa ya kwenye simu hainunui hata mkate. Kuna namba za ndugu zilizoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi, pamoja na 112 ya dharura na 114 ya zimamoto.

Filimbi nazo tulizijaribu. Zile zenye kokwa ndani zikilowa huweza kukwama na kutoa upepo tu. Chagua zisizo na kokwa. Kila mtoto ana yake kwenye kamba, na anajua kupuliza mara tatu, atulie, arudie. Sauti ya mtu hukauka haraka akipiga kelele, filimbi haichoki.

Chakula sitaki kukirefusha. Biskuti husagika, karanga huchacha kwenye joto letu. Tende zilizobanwa vizuri zimedumu kuliko vyote, na hazihitaji moto. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Viatu ni muhimu kuliko chakula. Maji ya mafuriko yamebeba misumari, chupa zilizovunjika na vyote vilivyokuwa vyooni. Homa ya mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022 huambukizwa kwa mkojo wa wanyama ulioingia kwenye maji na udongo, ikapenya kwenye mikwaruzo ya ngozi. Raba za zamani zenye kamba zinatosha. Ndala huchukuliwa na maji hatua ya kwanza. Na maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa hayajafika goti, yanamwangusha mtu mzima, kwa hiyo viatu ni vya kuondokea mapema, si vya kuvukia mto.

Jaribio kubwa kuliko yote halikugharimu chochote. Usiku tulizima swichi kuu, kila mtu akiwa kitandani, kisha nikaita. Lengo lilikuwa kufika nje ya geti, wote, tukiwa na ndoo. Kilichotuchelewesha ni funguo. Nyumba zetu za Dar tunazifunga kwa nondo, komeo na kufuli, na gizani kitita cha funguo kinafanana chote. Sasa ufunguo wa kufuli la geti umefungwa utepe mnene unaotambulika kwa vidole, unaning'inia msumarini kando ya mlango, juu, na hakuna mwenye ruhusa ya kuuondoa. Ndoo iko juu ya kabati karibu na mlango huo, si chini ya kitanda ambako maji huanzia. Kijana wetu mkubwa anaibeba, baba yao anamchukua mama mkwe, mimi nina wadogo. Kila mtu anajua kwamba tukipotezana tunakutana kwa shangazi yao, upande wa juu, na tumeitembea njia hiyo kwa miguu bila kupita darajani.

Tunaondoka lini? Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya chungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Kwetu, chungwa ikitajwa kwa mkoa wa Dar es Salaam, mama mkwe na wadogo wanalala kwa shangazi usiku huohuo.

Akiba hii inafunguliwa na kukaguliwa mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli: tende zinaliwa na kubadilishwa, tarehe za mwisho za vidonge zinasomwa, viatu vinapimwa kwenye miguu inayokua. Dawa za presha za mama mkwe hazisubiri ukaguzi huo. Kila anaporudi kliniki, vidonge vya wiki moja vya kopo jipya vinaingia kwenye ndoo, na vya zamani vinatoka kutumiwa kwanza.