Andika Siku Hiyohiyo

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniuliza aanzie wapi, kwa kuwa amedhamiria kuweka kumbukumbu za waandishi wa habari wanaokamatwa, wanaopigwa na wanaonyang'anywa vifaa wakiwa kazini. Swali lake lilinirudisha kwenye kosa ambalo mpaka leo linaniuma.

Miaka kadhaa iliyopita niliandaa taarifa ya matukio 14, niliyoyakusanya kwa miezi mingi bila malipo yoyote. Katika tukio moja tu, la mpiga picha aliyenyang'anywa kamera, niliandika tarehe niliyotajiwa kwa simu na mtu ambaye hakuwapo, wala sikumuuliza mpiga picha mwenyewe. Siku ya kuiwasilisha, afisa aliyetuhumiwa alionyesha kwamba tarehe hiyo alikuwa safarini, na kikao kizima kikaacha kuijadili kamera kikaanza kunijadili mimi. Matukio 13 ya kweli yalitupwa pamoja na lile lenye kasoro. Kamera haikurudishwa.

Tangu hapo naandika siku hiyohiyo: saa, mahali, nani alitenda nini, nani aliona kwa macho yake na nani alisimuliwa. Naitafuta kauli ya upande unaotuhumiwa, na ukikataa kusema, naandika kwamba umekataa. Sisemi kuwa mtu alishambuliwa kwa sababu ya uandishi wake mpaka nipate ushahidi. Kamati ya Kuwalinda Waandishi wa Habari (CPJ), shirika la kimataifa lililoanzishwa mwaka 1981, hutenganisha vifo vya waandishi ambavyo sababu yake imethibitishwa na vile ambavyo bado haijathibitishwa, nami natamani ningeufuata utaratibu huo mapema. Jina la shahidi aliye hatarini halikai daftari moja na maelezo yake, na sichapishi lolote kabla mwathirika hajaridhia.

Lakini ndugu zangu, wengi wetu tunaandika vipigo na kuusahau ukimya. Ibara ya 19 ya Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948 inataja haki ya kutafuta, kupokea na kueneza habari, kwa hiyo ofisi ya umma inayoachia ombi la taarifa lipitwe na muda uliowekwa na sheria imemnyima raia haki, hata kama hakuna aliyeguswa. Dunia imezitengea haki hizi siku mbili, 3 Mei kwa uhuru wa vyombo vya habari na 28 Septemba kwa upatikanaji wa habari. Vipigo na ukimya viandikeni pamoja. Peleka ombi kwa maandishi, baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kisha hesabu siku. Usichoke kuhesabu.

Mwezi uliopita niliweka mezani nakala 9 za namna hiyo, ambazo hazikuwa zimejibiwa hata moja. Afisa wa upande wa pili alianza kueleza jinsi ofisi yake inavyothamini uwazi, mwenyekiti akamkatiza na kuniomba tarehe, nami nikazisoma zote.