Nishani ya Nyota Ing'aayo haikuwa amri

SWALI: Natafsiri wasifu wa Harry Rawson, admirali wa Uingereza aliyeongoza manowari zilizolipiga kasri la Sultani wa Zanzibar mwaka 1896. Nimeandika: “Afisa huyu wa majini alipewa amri ya kigeni, Amri ya Nyota Inayong'aa ya Zanzibar, darasa la kwanza.” Mwenzangu kacheka. Nimekosea wapi?

JIBU: Kacheka kwa haki, ingawa sentensi yako inatibika.

Tuanze na “amri”. Amri hutekelezwa, haibandikwi kifuani. Kiingereza hutumia neno moja, “order”, kwa agizo la mkubwa na pia kwa heshima ya dola yenye ngazi na alama yake ya kuvaa. Hii ya pili ndiyo nishani, neno tulilolitoa kwa Waajemi, kwao likiwa na maana ya alama. Usiiite medali. Medali kwa kawaida haina ngazi, kama ile wanayovishwa wote waliopigana vita fulani. Medali ya jeshi unaweza kuiita nishani na hakuna atakayeshangaa. Kinyume chake hakifai.

Ngazi ya nishani ni daraja; darasa ni pa kusomea. Watanzania wamezoea kusikia “Nishani ya Mwenge wa Uhuru, Daraja la Kwanza”. Angalia tu usiandike “nishani ya kwanza ya Nyota”, maana hapo utakuwa unasema hakuna aliyeipata kabla yake. Na si kila nishani ina daraja la namba: ile ya Moyo wa Dhahabu ya Kenya ina Chifu, Mzee na Moran, basi yaache majina hayo yalivyo.

Jina lenyewe lilianza kwa Kiarabu, Wisam al-Kawkab al-Durri al-Zanzibari, na nishani iliasisiwa na Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, mwaka 1875. “Kaukab durri”, yaani nyota ing'aayo, imo katika Kurani, Suratun-Nur, aya ya 35, na aliyesoma madrasa ataitambua mara moja. Ndiyo maana ningechagua “Ing'aayo”. “Inayong'aa” ni sahihi kisarufi, lakini inasikika kama nyota inang'aa sasa hivi, pengine kesho ikazima. Jina linataka sifa ya kudumu.

“Afisa wa majini” huchekesha zaidi, kwani msomaji anaweza kudhani unamtaja mkuu wa mashetani. Andika “afisa wa Jeshi la Wanamaji”. Wala usimwite nahodha: huyo ni mwenye chombo au kiongozi wa timu, si cheo cha kijeshi.

Ukifika mahali anapopata heshima ya Uingereza kwa vita vya 1897 dhidi ya ufalme wa Benin (Nigeria ya leo), utakutana na Nishani ya Bath. Isiwe “ya Bafu”, wala usiongeze “mji wa Bath”: jina lilitokana na desturi ya zamani ya kuoga (kwa Kiingereza “bath”) kabla ya kutawazwa shujaa wa farasi, yaani “knight”. Liache Bath.

Kitenzi “alipewa” si kosa, ila “tunuku” ndicho kitenzi cha nishani: Sultani alimtunuku Rawson nishani, Rawson alitunukiwa nishani na Sultani. Usiseme “nishani ilitunukiwa kwa Rawson”. Anayetunukiwa ni mtu.

Limebaki “ya kigeni”, na hili ndilo lililonikera kuliko yote. Ni ya kigeni kwa nani? Kwa Mwingereza, ndiyo. Msomaji wa Unguja anasoma habari ya nishani ya kwao. Lifute, kisha mtaje mtoaji, ambaye umemficha. Tarehe 27 Agosti 1896, baada ya mizinga ya muda usiofika saa nzima, Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani bila ridhaa ya Waingereza, alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na siku ileile Hamoud bin Mohammed akakalishwa kitini. Basi sentensi iwe hivi: “Sultani Hamoud bin Mohammed, aliyetawazwa baada ya mizinga ya Rawson, alimtunuku admirali huyo Nishani ya Nyota Ing'aayo ya Zanzibar, Daraja la Kwanza.”