Kisamvu kwa mtoto mwenye mzio wa karanga

Pole sana, mama. Mtoto kukatazwa karanga huku kisamvu ndicho anacholilia ni mtihani, lakini kisamvu si lazima kiungwe kwa karanga. Tumia tui zito la nazi, kama wapikavyo wengi Pwani. Korosho na ufuta usimpe kabla daktari hajampima, maana navyo huwadhuru baadhi ya wenye mzio.

Kinachonitia hofu zaidi ni kinu. Mti hunyonya mafuta, na kinu kilichotwangiwa karanga hakitakati hata ukisugue vipi. Mtafutie kingine, na mwiko wake. Kashata mpikie za nazi mwenyewe; za kununua, sufuria mara nyingi huwa moja na ya kashata za karanga. Akivimba midomo au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali papo hapo, usipoteze muda kumnywesha maziwa.