Kijiwe chetu cha mtandaoni kinazeeka, wageni tunawapataje?

SWALI: Habari mkuu. Nasimamia kijiwe cha mijadala mtandaoni, kile cha mtindo wa zamani, mtu anafungua uzi watu wanashuka na maandishi marefu, hakuna video wala kulaiki. Wakongwe tunapungua, vijana wako WhatsApp na TikTok. Tumebandika matangazo kila mahali, watu wanajiunga, wanaandika mara moja halafu kimya. Na wakongwe wengine wanasema bora tubaki hivihivi, wageni watatuharibia. Tubadili muonekano?

JIBU: Muonekano sio tatizo mkuu. Kama watu wanajiunga na kuandika mara moja basi mlango wanauona, kinachowakimbiza kiko ndani.

Chukua mgeni wa jana usiku. Kahangaika na paswedi, kathibitisha imeili, kasubiri msimamizi amkubalie, kauliza swali lake kwa adabu zote, na wa kwanza kumjibu anamwambia "hii ilishajadiliwa, tafuta kwanza" na uzi unafungwa. Huyo harudi. Wikipedia ya Kiingereza yamewakuta hayohayo, wahariri wake walifika kilele 2007 wakaanza kupungua, na watafiti walivyochunguza wakaona sababu kubwa mojawapo ni wageni wenye nia njema kabisa kufutiwa kazi zao, tena mara nyingi kwa kutumia programu za kufuta harakaharaka. Mwaka 2012 wakafungua sehemu inaitwa Teahouse, mgeni anauliza chochote anajibiwa kwa upole. Nyie tafuteni wakongwe watatu wanne wenye roho nzuri wapeane zamu, kila posti ya kwanza ya mgeni ijibiwe siku hiyohiyo, na kama swali ni la zamani mpeni linki na muhtasari wa mistari miwili halafu muulizeni kwake hali ikoje, hapo anapata sababu ya kuandika tena.

Halafu kama kijiwe chenu kina majukwaa ya mada yaliyobaki matupu, yaunganisheni yabaki matano sita, maana mgeni akikuta posti ya mwisho ni ya miaka ile anajua pamekufa hata kama jukwaa la pili yake linachemka. Ila nyuzi za zamani msifute hata moja jamani! Hiyo ndio mali yenu, kwenye grupu la WhatsApp jibu zuri linazama chini ya salamu na picha kabla ya jioni, kwenu linakaa miaka na mtu analikuta kwa Google. Kwa hiyo zisomeke bila kujisajili, na uzi unaoitwa "Msaada wakuu" ubadilishiwe kichwa kiseme tatizo lenyewe.

Hao wanaoogopa wageni wasikilizeni pia, hawajakosea kabisa. Usenet, mtandao wa mijadala wa zamani, ilikuwa inapokea wanafunzi wapya wa vyuo kila Septemba, wanavuruga kidogo, wakongwe wanawafundisha, mambo yanatulia. Kuanzia 1993 watu wakaanza kumiminika bila kukatika kupitia makampuni ya kuunganisha watu mtandaoni kama AOL na nafasi ya kufundishana ikakosekana, mpaka wenyewe wakaiita Septemba isiyoisha. Ndio maana matangazo ya jumla mimi siyapendi kabisa. Mfuate mtu mmoja unayejua anaielewa mada, mwambie kuna uzi umekwama tunahitaji jibu lako, na mtumie linki ya uzi huohuo, sio ya ukurasa wa mbele.